Pipi Moja kwa Watoto Watatu

Kila asubuhi, chai ikishanywewa, mlango wa wodi ya watoto waliovunjika mifupa ulifunguka, akaingia muuguzi mrefu ambaye watoto walimbandika jina la Bwana Maswali. Kazi yake ilikuwa kufuatilia magonjwa ya kuambukiza katika wodi zote za watoto, na maswali yake yalikuwa yale yale.

"Hamjambo, wanangu? Nani ameharisha? Nani ametapika? Nani ana homa au vipele?"

"Hakunaaa!" waliitikia wote, na sauti ya Meneja ndiyo iliyosikika zaidi.

Meneja alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa amelazwa pale muda mrefu kuliko wote, na tangu apewe magongo hakutulia hata kidogo. Wenzake walikuwa wamevutwa miguu kwa kamba zenye mawe ya uzito, kwa hiyo yeye ndiye aliyewapelekea maji, vitabu na umbea.

Asubuhi hiyo, lakini, Meneja alikuwa amedanganya. Tangu alfajiri tumbo lilimsokota, akawa kiguu na njia kwenda chooni. Angesemaje? Daktari alishamwahidi kwamba keshokutwa atarudi nyumbani, na anayeharisha haruhusiwi. Huhamishiwa chumba cha kutengea wagonjwa. "Tumbo tu hili," alijiambia. "Litatulia."

Jioni bibi yake alikuja na chupa ya uji, akawamiminia na watoto wawili ambao mama zao walikuwa mbali, mmoja wa mlangoni na mwingine wa dirishani. Alipoondoka alimwachia mjukuu wake pipi moja ya kijiti. Meneja hakuwa mchoyo, masikini. Alilamba kidogo, akampelekea mvulana wa kitanda cha mlangoni. Yule naye akalamba, kisha Meneja akaipeleka dirishani kwa mtoto mdogo kuliko wote, waliyemwita Tone. Tone aliimaliza, akatafuna mpaka kijiti.

Kesho yake jioni mvulana wa mlangoni alianza kutapika. Kulipokucha, Tone alikuwa hoi. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na hata kulia hawezi. Wauguzi walikisukuma kitanda chake kwenda chumba cha kutengea wagonjwa, dripu ikining'inia juu. Mvulana naye akapelekwa huko huko.

Bwana Maswali alisimama katikati ya wodi, amekunja uso. "Mmoja mlangoni, mwingine dirishani, na waliolala katikati ni wazima! Hawa wawili wamekula nini pamoja?"

"Uji wa bibi yake Meneja," mtoto mmoja alijibu.

Wakati huo huo bibi akatokea mlangoni na mfuko wa nguo za kumrudisha mjukuu nyumbani.

"Samahani, bibi," muuguzi alimwambia kwa upole. "Uji wako usiingie tena humu mpaka tuupime. Watoto wameugua."

"Uji wangu?" Bibi aliduwaa. "Mimi niwadhuru watoto wa watu?" Machozi yakamlengalenga.

Meneja aliutupia jicho mfuko wa nguo. Akinyamaza, mchana atakuwa nyumbani. Alitazama dirishani. Palipokuwa na kitanda cha Tone pamebaki sakafu tupu, na kijiti cha pipi kilichotafunwa.

"Si uji!" alisema. "Ni mimi. Niliharisha juzi, nikasema hakuna. Halafu tukalamba pipi moja, sisi watatu."

Bwana Maswali alichuchumaa mbele yake.

"Ulinawa mikono ulipotoka chooni?"

"Nilifungua bomba, likakoroma tu. Maji hayakutoka."

"Nani mwingine anajua kwamba bomba halitoi maji?"

"Sijui. Hawa wengine hawawezi kwenda chooni."

Muuguzi alitoka mbio. Bomba lilikuwa kavu kweli, na sabuni hakuna. Aliagiza ndoo ya maji yenye koki iletwe pale pale, akamwita fundi, kisha akarudi kwa bibi. "Tumekusingizia, mama yangu. Nisamehe. Na bomba lile ni kosa letu wakubwa."

Siku hiyo Meneja hakurudi nyumbani. Alilazwa katika chumba kile kile walichokuwamo Tone na mvulana wa mlangoni. Mvulana alianza kupata nafuu, lakini Tone hakufumbua macho. Meneja alikesha akitazama matone ya dripu na kulia kimyakimya. Asubuhi, Tone alifumbua jicho moja.

"Pipi ipo?" aliuliza.

Meneja alicheka huku analia.

Bwana Maswali alikuwa amesimama mlangoni, amevaa glavu. "Mwanangu, nikiuliza kila asubuhi sitafuti mtu wa kumfungia," alisema. "Ugonjwa hauonekani ukitembea. Macho yangu ni majibu yenu. Ungenijibu kweli siku ile, angeugua mmoja tu, na bomba lingetengenezwa siku hiyo hiyo. Ukificha ugonjwa wako, unampa na mwenzako."

Akafungua daftari lake. "Haya. Nani ameharisha?"

Bibi alikuwa dirishani kwa nje, mfuko wa nguo ungali mkononi. Meneja alimtazama, akainua mkono.

"Mimi. Mara moja, alfajiri."

"Basi utabaki tena leo."

"Najua," alisema Meneja.

Nje ya dirisha, bibi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Sasa umepona, mjukuu wangu," alisema. "Tumbo nalo litafuata."