Kompyuta Isiyonguruma

Kila alasiri Gumato alikuwa na kazi yake. Akitoka shule alivua viatu, akanywa maziwa yaliyobaki kibuyuni, kisha akakata njia nyuma ya mnada wa ng'ombe hadi kwenye karakana ya shangazi yake. Hapo alifagia, akapanga redio zilizosubiri kuchukuliwa na wenyewe, akafuta vumbi la Garsen ambalo halikuchoka kurudi.

Shangazi yake, Hodan, alikuwa mdogo wa Jarso, baba yake Gumato. Alisomea umeme Mombasa, akapata diploma, akarudi nyumbani kufungua karakana ambayo mji mzima uliiita "kwa Hodan wa redio". Lakini juma lile redio zote ziliwekwa kando. Hodan alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo lilikuwa sauti ya mama yake.

Mama huyo, Bibi Bishara, alikuwa na uvimbe kooni. Daktari wa Mombasa alisema lazima utolewe, na hakuficha neno: mgonjwa huenda akapona, lakini sauti huenda isirudi. Basi lingeondoka naye Alhamisi asubuhi.

Sasa, Bibi Bishara ndiye aliyeujua wimbo wa ng'ombe wa ukoo wao. Ulikuwa wimbo wa kisimani, wa kuwaita wanyama wanywe, nao uliwataja ng'ombe mmoja mmoja, mama kwa binti, tangu enzi za mama yake Bibi. Wengine walijua vipande. Yeye peke yake aliujua wote. Kanda alizorekodi marehemu Babu zilikwenda na mafuriko ya mwaka juzi. Gumato alikuwa amelala na kuamka na wimbo ule tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na hakuweza kufikiria nyumba yao bila huo.

Siku hizi sauti ya Bibi ilikuwa imepungua, ikawa kama ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Hodan alijaribu kuirekodi kwa kaseti, lakini mvumo wa kanda uliifunika. Ndipo akaamua kuunda kompyuta, arekodi humo, kisha auandike wimbo kwenye CD.

Jumatatu, Gumato alimkuta amekaa mkekani, kasha kubwa la karatasi limefunguliwa mbele yake.

"Mbona vitu vingi hivi, shangazi? Kompyuta si moja?"

"Moja itatoka humu. Isaac, yule niliyesoma naye Mombasa, ametuma vya kuchagua. Visivyotufaa vitarudi kwa basi." Hodan akaweka vipande viwili kiganjani, kila kimoja kikiwa na umbo la biskuti. "Hizi ni prosesa. Ndizo zinazofikiri."

"Ipi ina nguvu zaidi?"

"Hii."

"Basi tuchukue hiyo."

"Unachagua kama baba yako mnadani. Ameona nundu kubwa, ameshika kamba."

"Baba haangalii nundu," Gumato alisema kwa kumtetea. "Huangalia kwato."

Hodan alicheka. "Haya, na sisi tuangalie kwato. Hii yenye mbio hula umeme mwingi, na umeme huo wote hugeuka joto. Joto likizidi, feni lazima ikimbie. Feni ikikimbia, inapiga kelele. Kelele ikiingia kwenye maikrofoni..."

"Bibi hasikiki."

"Umeona. Ukichagua kimoja, umechagua na jirani zake."

"Basi tuchukue dhaifu kabisa, inyamaze."

"Hapana. Sauti iliyonaswa vizuri ni mzigo mzito. Mashine dhaifu itajikwaa katikati, na wimbo utatoka na mapengo. Tunataka yenye nguvu za kutosha, halafu tuitunze isipate joto."

Akaichukua prosesa ya pili, akaibandikia kipande kikubwa cha alumini chenye mapezi mengi membamba ya kutawanya joto. Akaongeza kumbukumbu nyingi na kadi ya sauti. Ilipofika zamu ya diski za kuhifadhia, alimpa Gumato kazi ya kusikiliza. Gumato alifumba macho, akasogeza sikio. Ya kwanza ililia kama mbu. Ya pili ilikoroma kidogo kama paka aliyeshiba.

"Huyu paka," alisema.

Paka akachaguliwa. Hodan akamning'iniza ndani ya kasha la chuma kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ili mtetemo wake usiambukize bati.

Ilibaki pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa sehemu zote. Kulikuwa na viwili. Kimoja kilikuwa kikubwa, kizito, chenye feni pana, lakini hakikuenea ndani ya kasha. Hodan alikigeuza huku na huku, akakiweka kando, akafunga kile kidogo.

Walipoiwasha, skrini ilijaa mwanga. Lakini feni ndogo ya kile kisanduku ilizomea bila kupumzika, kama mtu aliyekerwa.

"Kesho nitaifikiria," Hodan alisema akijifunga mtandio. "Naenda kumpa Bibi dawa. Iache iwake tuone kama itadumu. Kaa nayo, lakini usiiguse."

Gumato alikaa nayo. Feni ilizomea. Akamfikiria Bibi akiimba na mzomeo ule ukimfunika, na moyo ukamwuma. Kisha akakumbuka kitu alichokiona tangu utotoni. Baba yake, anapopitisha ng'ombe alfajiri karibu na mashamba ya Golbanti, huzishindilia nyasi kengele zao za mti. Kundi zima hupita kimya, na mwenye shamba haamki. Kitu kinacholia hujazwa, kikanyamaza. Lilikuwa jambo rahisi kabisa.

Akatoka nje, akang'oa nyasi kavu ukutani, akaanza kuzisokota kwenye matundu ya nyuma ya kompyuta.

Mbodze, mwenzake wa darasani, ambaye mama yake aliuza mahamri mlango wa pili, alichungulia. "Unailisha au unaizika?"

"Nyamaza. Sikiliza."

Gumato akasukuma msokoto wa mwisho. Mzomeo ukafifia, ukazimika. Karakana ikawa kimya mpaka wakasikia kuku akiparura nje. Wasichana wakatazamana wakitabasamu.

Tabasamu halikudumu. Kwanza ilikuja harufu ya mpira unaoungua. Kisha kitu kikalia *pa*, na skrini ikawa nyeusi.

"Zing'oe," Mbodze alinong'ona. "Zing'oe upesi."

Gumato alizing'oa, zikiwa za moto, akazisukumia ndani ya mfuko wake wa shule.

"Usiseme kitu," Mbodze alisema. "Vitu vya umeme hufa vyenyewe. Hata redio ya babangu ilikufa ikisoma habari."

Hodan aliijua harufu ile kabla hajavuka kizingiti. Alifungua kasha, akapima hapa na pale, akakaa kitako. "Pawasaplai imekufa. Imefanya nini?"

"Imezima tu," Gumato alijibu. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

Hodan alitazama pembeni, zilipokuwa betri mbili za lori na inveta, chombo kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mashine za nyumbani. Vyote, vilivyoilisha kompyuta umeme, aliazimwa na Mzee Mahadi, muuza dawa za mifugo wa ng'ambo ya barabara.

"Ni hii inveta yake," alisema. "Imeleta umeme mbovu." Akatoka kwa hatua za mtu aliyekwisha kuhukumu.

Aliporudi, Mzee Mahadi alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, jasho usoni.

"Umeniaibisha mbele ya wateja, Hodan. Umesema chombo changu kinachoma mali ya watu. Sawa. Kinachochoma nakiondoa." Akainama, akaanza kulegeza nyaya.

"Mzee Mahadi, Jumatano tunamrekodi mama."

"Mrekodini kwa moto wa kuni. Mimi nimekuazima kwa wema, nimelipwa matusi."

Mbodze alimtazama Gumato, akatikisa kichwa taratibu: usiseme. Waya wa kwanza ulitoka. Gumato alijua hakuna inveta nyingine Garsen ambayo ingepatikana kabla ya Alhamisi. Alijua pia kwamba akifungua kinywa, huenda shangazi asimruhusu kukanyaga tena karakana ile, mahali alipopapenda kuliko pote. Mzee Mahadi akashika waya wa pili.

"Si inveta," Gumato alisema. "Ni mimi."

Wote wakageuka. Alifungua mfuko, akazimwaga nyasi sakafuni, nyingine zikiwa zimebabuka. Akaeleza yote: mzomeo, kengele za baba yake, matundu. Hakumtaja Mbodze.

Mzee Mahadi alizitazama zile nyasi. Alikuwa amechunga ng'ombe kabla ya kuuza dawa zao. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko alichojaribu kukizuia.

"Kengele haipumui, mwanangu," alisema. "Hii inapumua."

Hodan hakucheka. "Nilikwambia usiiguse."

"Ndiyo, shangazi."

"Na nilipokuuliza, ukasema imezima tu. Ukaniacha nikamtukane mtu asiye na hatia."

"Ndiyo." Machozi yalimjia, lakini hakuinamisha uso. "Niliogopa utanifukuza. Halafu nikaona Bibi ataondoka na wimbo wake."

Hodan akamgeukia mzee. "Nimekukosea, Mzee Mahadi. Nimeruka kabla ya kupima, na mimi ndiye niliyesomea kupima. Nitakuja dukani niseme hivyo mbele ya wale wale wateja."

"Njoo jioni, wako wengi zaidi," Mzee Mahadi alisema. Akarudisha nyaya, akazikaza moja moja, akaenda zake akicheka peke yake njiani.

Hodan alimpa Gumato ufagio. "Zoa nyasi zako. Kisha njoo unishikie taa. Utatengeneza ulichoharibu."

Walirudia kupima. Prosesa ilikuwa nzima, na diski pia. Kilichoungua ni kile kisanduku kidogo tu. Hodan alikivuta kile kikubwa chenye feni pana. "Hiki kingetufaa tangu mwanzo. Feni pana huzunguka polepole na bado husukuma hewa ya kutosha. Taabu ni kwamba hakiingii."

Gumato alisita, kisha akauliza, "Lazima kiingie?"

Hodan alimtazama yeye, akakitazama kisanduku, akalitazama kasha. Alichukua kisu cha nyaya na chuma cha kulehemu. Mpaka jua linashuka walikuwa wameziongezea nyaya urefu, na kisanduku kikubwa kikakaa nje juu ya kipande cha godoro, mbali na ukuta, kikipumua kwa nafasi.

Walipowasha, Gumato alidhani haijawaka. Ilimbidi aweke kiganja nyuma ya feni ili ausikie upepo.

Jumatano alasiri walitundika mablanketi madirishani. Jarso alifika kutoka malishoni, vumbi hadi magotini, akakaa karibu na mlango. Bibi Bishara, ambaye Hodan alikuwa amemsimulia yote, aliketishwa mbele ya maikrofoni. Aliigusa kwa kidole, kama mtu anayegusa pua ya ndama.

"Niimbe tu?"

"Imba, mama," Hodan alisema. "Inakusikia."

Bibi akaanza. Sauti ilikuwa nyembamba na yenye mikwaruzo, lakini hakuna kilichoifunika. Aliwaita Mwenye Pembe za Mbele, na binti yake, Mweupe wa Tumbo, na binti wa huyo aliyezaliwa mwaka wa ukame akaishi. Jarso alifunika uso kwa viganja. Kwenye skrini mstari wa sauti uliinuka na kushuka, haukukatika hata mara moja. Bibi aliwaita wote, mpaka ndama wa juzi.

Kisha, pale ambapo wimbo huisha, hakuishia. Alivuta pumzi, akaimba kwa mtindo ule ule, "Na Gumato wa Jarso, njoo unywe."

Jarso aliinua kichwa. Bibi aliacha kuimba, akasema polepole, uso wake ukiwa kwenye maikrofoni, "Huyu mtoto alikosa, akaogopa, akadanganya. Halafu akasema 'ni mimi' mbele ya mtu mwenye hasira, wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Ninyi mtakaousikia wimbo huu, mkikosea semeni mapema, kitu kingali kinatengenezeka. Angenyamaza siku ile, leo mngekuwa mnaikumbuka sauti yangu kwa kubahatisha."

Gumato alikuwa ameshika pindo la mkeka kwa mikono miwili.

"Mama," Jarso alisema kwa upole, "huo ni wimbo wa ng'ombe. Kwetu jina la mtu haliingizwi humo. Wazee wakiusikia watasema tumeuharibu. Sema umeteleza, uwatake radhi, Hodan aanze upya."

Hodan alikwisha kunyoosha mkono kusimamisha kurekodi. Bibi aliushika mkono huo, akaurudisha mapajani. Akanywa maji, akasubiri koo litulie, akasogea karibu zaidi na maikrofoni ili neno lake lisipotee.

"Sikuteleza, Jarso. Nimemweka nilipotaka akae. Siombi radhi."