Nafasi ya Mpiga Selo

Harufu ya ulimbo wa selo, ule utomvu mkavu unaopakwa uta, ilijaa chumbani kana kwamba umetoka kupakwa, ilhali uta wa marehemu haukuwa umeguswa tangu azikwe.

Mjane aliinusa, akashika fidla yake. Yeye na mumewe walikuwa wapigaji wa okestra moja: yeye fidla, mume selo, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti. Tangu mume afariki, kila alasiri mjane alimwekea kiti na selo yake, akapiga wimbo wao wa watu wawili, sehemu yake tu. Zamu ya selo ikifika, alishusha uta, akayafuata mapigo kimoyomoyo, akamwachia mumewe nafasi, kisha akaendelea. Ndivyo alivyolia.

Siku hiyo, alipomwachia nafasi, selo ilijibu.

Wifi yake, dada wa marehemu, akatokeza mlangoni na ufagio mkononi. "Wifi, nani anapiga humu?"

"Kaka yako."

"Kaka yangu tumemzika. Usinitanie, mwenzangu."

"Amenirudia. Sikiliza!"

Wifi akasikiliza, akarudi nyuma. "Kaka yangu alikuwa akifika hapo wimbo unapoteremka anakimbia kama kaacha chungu motoni. Hata mimi nisiyejua nota nilikuwa namcheka. Huyu hakosei."

Kweli, hakukosea. Mjane akaigeukia selo. "Wewe si mume wangu! Toka!"

Uzi wa fidla ukakatika, ukamchana shavu. Ndani ya tumbo la selo kitu kikacheka. "Umeniwekea kiti kila siku, leo unanifukuza? Piga."

Wakamkimbilia shehe wa mtaa. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Mwanangu, marehemu anaombewa, haachiwi nafasi. Mwingine ameikalia. Rudi ukapige sehemu zote mbili, yako na yake, na wimbo ukiisha tu wifi yako aanze dua. Pasiwe na ukimya hata kidogo; ukimya ndio kiti chake."

"Na mume wangu, shehe? Nitamsikia wapi?"

"Hutamsikia tena."

Mjane akafunga uzi mpya, akapiga. Kila ilipofika zamu ya selo aliijaza mwenyewe, huku machozi na damu vikichuruzika mpaka kwenye fidla, na nyuma yake kiti kikiburuzwa, kikisogea, na pumzi yenye ubaridi wa kaburi ikimgusa shingo na kumtukana matusi ambayo mumewe hakuwahi kuyatamka, naye akakaza uta, akapita ule mteremko, akapita pale walipozoea kutazamana, hata nota ya mwisho ikatoka na wifi akaipokea kwa dua, sauti ikitetemeka, bila kumeza mate.

Kiti kikatulia. Harufu ikapungua.

"Amina," mtu akaitikia.

Ilikuwa sauti ya mumewe, ya upole, ile ya asubuhi kabla hawajatoka kitandani.

"Usinyamaze, wifi!" dada wa marehemu akanong'ona. "Sema nami! Sema!"

Lakini mjane, Mungu amsamehe, akamziba wifi yake mdomo kwa kiganja, akanyamaza, ili amsikie tena.