Mchanga wa Bwawa la Kwa Nthenge

Kila asubuhi Kasyoka alitoka nyumbani na vitabu mkono mmoja na kibuyu cha maji mkono wa pili. Maji hayo yalikuwa ya kunyunyizia sakafu ya darasa, maana vumbi la Matinyani halina adabu. Ukilifagia kavu linapanda mpaka puani. Kila mwanafunzi wa darasa la saba alileta yake. Kwa hiyo Kasyoka hakuhitaji mtu wa kumfundisha thamani ya maji. Alichohitaji kufundishwa ni kitu kingine, na alijifunza kwa uchungu.

Miaka ya sabini ilikuwa inakaribia kwisha na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Hata watoto waliimba sifa za wagombea bila kujua walichofanya. Mwalimu Nzioka, aliyefundisha uraia, alichoshwa na nyimbo hizo. Akawaambia wanafunzi wake kwamba mbunge hapimwi kwa ukubwa wa gari wala kwa utamu wa maneno. Anapimwa mahali pawili. Bungeni, aliuliza nini na alipiga kura upande gani. Na huku nyumbani, alichoahidi kimesimama au hakikusimama.

Ndolo, mwanafunzi mwenzake Kasyoka, na wengine kadhaa wakapewa taarifa za Bunge ambazo mwalimu alikuwa ameziazima mjini Kitui. Kasyoka, kwa kuwa aliandika vizuri na alikuwa na sauti ya kusikika, akapewa bwawa la Kwa Nthenge, lililojengwa miaka miwili nyuma kwa saruji aliyoitafuta mbunge wao, Mheshimiwa Mutunga. Wenyeji wa huko bondeni ndio waliolijenga. Watu wa upande wa kina Kasyoka walilisikia tu.

"Sharti ni moja," mwalimu akasema. "Andika ulichoona kwa macho yako. Ukiambiwa, andika umeambiwa."

Jumamosi ilipofika, Kasyoka alikuwa na mazoezi ya kwaya kanisani, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alisema ataenda bwawani baadaye. Baadaye ikaja na jua la utosi. Kwa Nthenge kulikuwa ng'ambo ya kilima, njia nzima miiba. Alikuwa hajaanza hata kupanda alipokutana na Muktar, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Garissa, akishuka na kundi lake. Kasyoka akamwamkia, kisha akamuuliza kama amelipita bwawa.

"Nimetoka huko sasa hivi," Muktar akasema. "Ukuta uko, simenti iko. Lakini maji ya juu hakuna. Imejaa mchanga mpaka juu kabisa."

Alitaka kuendelea, lakini Kasyoka alikuwa ameshageuka, akitoa asante huku anaondoka. Mvivu hakosi sababu, na yake ilikuwa imemjia yenyewe na fimbo mkononi.

Jioni aliandika kwamba bwawa limejaa mchanga na halina maji. Kisha akasita. Kila mtoto wa Ukambani anajua kwamba mchanga wa mto huficha maji, na jambo la kwanza mwalimu atakalouliza ni kama alichimba. Basi akaongeza: "Nilichimba mpaka mkono wangu ukazama kiwikoni. Mchanga ulikuwa mkavu." Akausoma mstari huo mara ya pili. Ulipendeza, na hilo ndilo lililomponza.

Taarifa zilisomwa mbele ya wazazi, Ijumaa, chini ya paa la mabati la darasa jipya. Ndolo alianza. Alieleza kwamba Mheshimiwa Mutunga si msemaji sana Bungeni, lakini aliuliza mara nyingi kuhusu maji ya Ukambani. Kura ya fedha za maji ilipopigwa, wenzake kadhaa walitoka nje, yeye akabaki na kuiunga mkono. Kuhusu zahanati aliyoahidi, hakufungua mdomo hata siku moja. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Ndipo Kasyoka akasimama na kusoma kwa sauti yake ya kwaya. Alipofika kwenye kiwiko, minong'ono ikaenea. Mzee mmoja akasema kura ya Bungeni hainyweki.

Nyuma kabisa akasimama nyanya yake, Susu Kalunde. Huyu alikuwa kiongozi wa mwethya, kikundi cha wanawake waliosaidiana kulima, kuchimba na kujenga. Mheshimiwa alikuwa ameahidi saruji ya bwawa la pili, karibu na kwao, iwapo wao wataleta mawe kabla ya mvua. Wangeanza kubeba Jumatatu.

"Hatutaanza," Susu akasema. "Hatuwezi kuvunja migongo kwa bwawa la mchanga mkavu. Huyu ni mjukuu wangu, na ameona kwa macho yake."

Watu wakampigia Kasyoka makofi. Alitazama miguu yake mwenyewe, ambayo haikuwa imefika popote, akaona haya mpaka masikio yakamchoma.

Usiku ule Kasyoka aliisukuma kando sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Susu alikuwa na goti bovu, na punda wake alikuwa amekufa kwa kiangazi. Alibeba maji mgongoni, mshipi umebana kipaji cha uso, kutoka mto wa mbali. Bwawa la pili lingemletea maji karibu na boma. Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyelikataa, kwa kumwamini Kasyoka.

Wiki iliyofuata Kasyoka alikwenda kumchotea maji kila alipotoka shuleni. Alijaribu kulipa kwa mgongo alichoharibu kwa mdomo, lakini moyo haukukubali malipo hayo. Susu, kwa kufurahishwa, alimchemshia yai, jambo ambalo halikuwa la kila siku katika boma lile.

"Kula, mwana wakwa," akamwambia. "Macho yako yametuokoa na kazi ya bure."

Kasyoka alilila yai lile kama anayemeza jiwe. Alitamani Susu amgombeze kwa kosa lolote, hata la kuvunja chungu.

Jumamosi hakwenda kwenye kwaya. Alipanda kilima, miiba ikamchana, akashuka mpaka Kwa Nthenge. Ukuta ulikuwa umekatiza kijito, na nyuma yake mchanga ulikuwa umejaa mpaka juu, kama alivyosema Muktar. Akapiga magoti akachimba. Hakufika hata nusu ya kiwiko kabla ya vidole kupata unyevu. Akachimba zaidi kidogo, na maji yakaanza kujikusanya taratibu shimoni, maji safi ambayo jua halikuweza kuyafikia. Mchanga haukuwa umeliua bwawa. Mchanga ndio uliokuwa tangi lake.

Mbele kidogo Muktar alikuwa akinywesha mbuzi wake kwenye hori la mti, kando ya shimo pana lililochimbwa na wenyeji.

"Siku ile ulikimbia," akamwambia. "Nilitaka kukuambia mbuzi wangu wamekunywa hapa."

Kasyoka akaketi mchangani akalia. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemshuku. Lakini upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mvua ikinyesha kabla ya ukuta kujengwa, mchanga wote ungepita na mafuriko, na Susu angebeba maji mwaka mwingine mzima kwa goti lile.

Alimkuta Susu akipukuchua mahindi. Alimwambia yote: kwaya, jua, Muktar, mstari wa kiwiko. Susu aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, ndipo akanena.

"Niliwaambia wanawake wangu ni macho yako."

"Nisamehe, susu. Waambie ulidanganywa."

"Mimi sitakusemea. Mdomo uliobomoa ndio utakaojenga."

Kesho yake, baada ya ibada, wanawake wa mwethya walikusanyika nje ya kanisa, na Mwalimu Nzioka akaitwa. Kasyoka alisimama mbele yao. Safari hii sauti ya kwaya ilimtoroka, ikabidi mama mmoja amwombe aongeze sauti. Alirudia kila kitu, na alipofika kwenye kiwiko, hakuna aliyempigia makofi. Mutindi, aliyekuwa naibu wa Susu, akasema kwa uchungu kwamba wamepoteza wiki nzima. Ilikuwa kweli.

Mwalimu Nzioka hakumchapa. Aliwaomba wote wasimwamini hata sasa, bali waende wenyewe. Siku hiyohiyo walipanda kilima, Susu akichechemea mbele na fimbo yake. Mutindi ndiye aliyechimba, akayaonja maji, akampa Susu kata. Jumatatu alfajiri mawe yakaanza kusogea.

Kasyoka alibeba kila jioni mpaka viganja vikachubuka. Saruji ilifika kama ilivyoahidiwa, ukuta ukasimama, na mvua ya kwanza ikaukuta umekauka vizuri. Aliandika taarifa upya: bwawa lina maji, zahanati haipo. Mwalimu akaisoma mbele ya wazazi, na watu wakakubaliana kwamba Mheshimiwa akija kuomba kura watamshukuru kwa la kwanza na kumuuliza la pili.

Siku hiyo mwalimu aliwaambia wanafunzi kwamba anayempima kiongozi kwa uongo hamdhulumu kiongozi peke yake; huwadhulumu wote wanaoutumia uongo huo kuamua. Susu Kalunde akaomba naye aongeze neno.

"Kasyoka alidanganya, na mimi niliamini kwa sababu ni damu yangu," akasema. "Sote wawili tulimhukumu mtu kwa mchanga ambao hatukuugusa. Kupima ni kazi ya miguu kwanza. Mdomo huja nyuma."

Alimsamehe mjukuu wake, na mayai yalichemshwa tena. Lakini kwa muda mrefu, kila Kasyoka alipomletea habari, hata ya mbuzi aliyezaa boma la pili, Susu alimtazama usoni na kuuliza neno moja tu.

"Ulienda?"

Na Kasyoka, kama hakuwa amekwenda, alichukua lesso yake akaenda.