Vidole vya Shangazi Wilkista

Kila jioni nilipotoka shuleni, niliugua. Niliweka mkoba, nikanywa uji, kisha nikajilaza kwenye kochi na kuwa bibi Mwingereza wa miaka tisini asiyeweza hata kujigeuza. Shangazi Wilkista, dada yake baba, alinigeuza, akanilisha, akanifuta mdomo huku akiniuliza kwa Kiingereza kama nililala vizuri. Nami nilimlilia aniongezee mkate.

"Mgonjwa huyu ana tumbo la ng'ombe," alisema.

"Ni vile unanitunza vizuri, Shangazi."

Hatukuwa tukicheza tu. Shangazi alikuwa amepata nafasi ya kutunza wazee huko Uingereza. Alikuwa amesomea huduma ya kwanza, amepita mahojiano ya simu, na pasipoti alikuwa nayo. Ilibaki karatasi moja: cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Mwajiri alitaka kukiona kabla ya mwezi uliofuata kwisha. Bila hicho, nafasi angepewa mtu mwingine.

Ili upate cheti hicho, vidole vyako vyote kumi hupakwa wino na kubanwa kwenye fomu. Jumatatu Shangazi alienda Kericho mjini. Alirudi amenyamaza, na Shangazi hanyamazi hata akiwa usingizini.

"Wamenijaribu mara tatu," alisema baadaye, akiitazama mikono yake. "Alama hazitokei. Miaka kumi na minane ya kuchuma chai imeilamba mistari yote. Afisa amesema nipumzishe mikono wiki tatu, niipake mafuta, halafu nirudi na fomu mpya."

"Basi ipumzishe."

"Na chai nitaiambia ingoje?"

Chai haingoji mtu. Usipoichuma wakati wake, majani hukomaa, na kituo cha kununulia hakiyataki.

Fomu mpya aliiweka ndani ya Biblia. Siku iliyofuata nikiwa peke yangu, nilitazama vidole vyangu. Mistari tele, kama shamba lililolimwa jana. Kwa nini mtu ahangaike wiki tatu na vidole vizuri viko hapa nyumbani bure? Nilichukua rangi ya viatu, nikapaka, nikabana kimoja kimoja kwenye fomu. Vilitoka safi. Nikajipongeza, nikairudisha ndani ya Biblia.

Jioni ile Kogo Cheptoo, bibi jirani yetu, alituletea maziwa. Alimkuta Shangazi ameishika ile fomu, anainusa.

"Elmina," Shangazi aliita, "mbona fomu yangu inanuka kiatu?"

Nilisema labda ni Biblia ya zamani. Kogo aliweka maziwa chini. Alinishika mkono, akaulaza juu ya karatasi. Kidole gumba changu kikakaa pale kama yai kwenye kiota chake. Chini ya kucha, rangi nyeusi ilikuwa bado.

"Ni mimi," nilisema. "Nilitaka upate kazi."

Shangazi aliketi. "Cheti cha tabia njema," alisema polepole, "na wewe unataka nikipate kwa udanganyifu?"

Kogo alicheka hadi kitambaa cha kichwani kikamwanguka. Shangazi hakucheka.

"Ningefika uwanja wa ndege, niweke vidole kwenye mashine, mashine iseme huyu si yeye. Kazi ingepotea, na jina langu pia. Hivi vidole vimeisha kwa kazi halali, Elmina. Usivitie aibu."

Machozi yalinitoka. Sasa nilijua ningalimharibia safari kwa mikono yangu mwenyewe. Niliomba msamaha, nikamwuliza nifanye nini.

"Ulitaka kunipa vidole vyako," alijibu. "Nipe basi, lakini mahali pake. Vyombo viko pale."

Wiki tatu niliosha vyombo, nikafua, nikapiga deki. Kogo naye alikwenda kwa akina mama wa kanisa, wakagawana siku za kuchuma chai ya Shangazi. Hakuna aliyeitisha chochote isipokuwa chai ya maziwa. Jumamosi nilijiunga nao na kikapu changu. Shangazi alikaa kwenye kigoda kando ya shamba, mikono imepakwa mafuta na kuvishwa soksi zangu za shule, akiteseka kwa kukosa kazi.

"Majani mawili na chipukizi, Elmina. Hilo ni la tatu."

"Mgonjwa anyamaze," nilimwambia, na akina mama wakacheka.

Siku ya kurudi Kericho ilikuwa likizo, kwa hiyo tulienda pamoja na Kogo. Afisa alimpaka wino, akabana kidole cha kwanza kwenye fomu nyingine safi, akainua karatasi kwenye mwanga. Nilinyoosha shingo nami nione.

"Hii inasomeka," alisema. "Lete kingine, mama."

Vyote kumi vilisomeka. Nje, Shangazi alikuwa bado akivitazama.

"Mistari hii wameirudisha watu," alisema. "Huu ni wako, Kogo. Hii ni ya akina mama. Mungu awabariki, sitawasahau hata nikiwa mbali."

Kogo alinigeukia. "Umeona, mtoto? Mtu husaidiwa kazi. Uongo, hata ukisaidiwa, mzigo ni wako wewe."

"Nimeona, Kogo."

Shangazi aliinua kidole chake cha mwisho, kile kidogo kabisa, bado kina wino. "Na huu hapa ni wako, Elmina."

"Kumbe alama yangu imefika kwenye fomu hata hivyo," nilisema.

Safari hii Shangazi alicheka.