Uvimbe Chini ya Kitambaa

Kila asubuhi Letebrhan alimpulizia mama yake makaa ya kahawa, kisha akajifunga kitambaa kichwani na kwenda shule. Siku hizi hata kulala alilala nacho.

Ashenda, sikukuu ya wasichana ambapo husukwa nywele, ilikuwa bado kidogo, lakini Shangazi Tsega, msusi wao pale Adigrat, alipenda kujaribu mitindo mapema.

"Vua kitambaa," alimwambia Letebrhan.

"Mwaka huu sisuki, shangazi."

"Msichana gani anaikimbia Ashenda? Au umefuga chawa?"

Wasichana wenzake waliokuwa wakisubiri kusukwa wakaangua kicheko. Shangazi akakivuta kitambaa. Nyuma ya sikio palikuwa na uvimbe mwekundu unaovuja damu, mkubwa kama harage.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu Pasaka." Letebrhan alianza kulia. "Bibi alianza hivi hivi. Niliogopa mama atalia tena."

Bibi alikuwa amekufa kwa saratani.

Hospitalini, walikompeleka shangazi na mama, daktari aliutazama uvimbe ule kwa muda mrefu. "Unafanana na saratani," alisema, "lakini macho peke yake hayatoshi. Tutaukata, upelekwe mjini Mekele ukachunguzwe kwa hadubini."

Majibu yalipokuwa tayari, Shangazi Tsega ndiye aliyeyafuata Mekele. Sasa, kwao habari ya msiba huletwa alfajiri, watu wangali kitandani. Kwa hiyo shangazi alipobisha hodi kabla ya jua kuchomoza, mama aliketi chini pale pale mlangoni. Letebrhan akamkumbatia.

"Si saratani," shangazi alisema haraka. "Ni mishipa midogo ya damu imejikusanya mahali pamoja. Ni nadra sana, ndiyo maana inawababaisha hata madaktari."

"Tsega, wewe nawe," mama alisema, akicheka na kulia. "Ndiyo uje saa hizi?"

"Nimeshuka kwenye basi sasa hivi. Ningekaa na jambo hili kifuani mpaka kukuche?"

Mama akamfungua Letebrhan kitambaa, akakipapasa kidonda kilichokuwa kikipona.

"Bibi yako naye alificha," alisema taratibu. "Tulipojua, tulikuwa tumechelewa. Hicho ndicho kilichoniliza, mwanangu. Machozi yangu usiyachunge wewe. Ukiona kitu mwilini mwako, niambie siku hiyo hiyo, tukapime."

"Nitasema, mama."

"Haya, kaa chini," alisema shangazi, akitoa kitana. "Hapo penye kidonda nitapita kando."