Alama za Mizinga na Wivu Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwalimu wa darasa la kwanza huku Ipole. Haya ninayoyasema hata mume wangu hayajui...

Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, mwalimu mpya, Tatu, aliletwa shuleni kwetu akitokea Tabora mjini, binti wa fundi cherehani, mdogo kwangu kwa miaka saba. Nilimpa chumba nyumbani kwangu. Akaniita dada, nami nilimpenda, kweli kabisa!

Muhula haujaisha, watoto wa mkondo wake wa darasa la kwanza wakawa wanasoma. Wangu bado wanakodolea macho ubao. Unajua alifanyaje? Huku kila ukoo wa warina asali huchonga alama yake kwenye mizinga, na watoto wanazijua zote. Tatu alizichora ubaoni, akawaonyesha kuwa herufi nayo ni alama tu. Jambo dogo hilo! Kwa nini sikuliwaza mimi, mzaliwa wa hapa?

Mwalimu mkuu akamsifu mbele yetu. Wivu ukanishika.

Nikaenda kisimani, nikawanong'oneza akina mama kwamba yule wa mjini anauza alama za koo kwa wezi wa mizinga, wapate kudai asali ni yao. Wiki haikuisha! Watoto kumi na mmoja wakaondolewa shule, wakaishia kwenye mashamba ya tumbaku. Tatu akahamishiwa Ulyankulu. Alilia begani kwangu, nami nikamfuta machozi. Mnafiki mimi!

Huko alifundisha watu wazima kusoma, akajiendeleza, shahada hii, shahada ile, mpaka akawa mhadhiri wa chuo kikuu, anafundisha walimu. Kila nikisikia habari zake roho iliniuma.

Mwaka jana tukaitwa mjini kwa mafunzo ya kufundisha kusoma. Mkufunzi akaingia... Tatu! "Shikamoo dada," akanisalimu, kisha akauambia ukumbi kuwa mimi ndiye niliyempokea kazini. Wakanipigia makofi.

Wakati wa chai akanisogelea. "Dada, nilijua tangu siku ile niliyohama. Mama mmoja wa kisimani aliniambia. Langu nimeshakusamehe. Ila wale watoto... ulikwenda kuwarudisha?"

Sikwenda! Hata nyumba moja! Juzi mmoja wao, sasa ni baba wa watu, ameniletea simu yake nimsomee ujumbe.

Wasomaji wenzangu, mwenzako akikuzidi, mwombe akufundishe. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Heri ningeingia mimi... Walioingia ni watoto wa watu.