Mkanda Niliouchomeka Nyuma ya Kiti cha Mke Wangu

Nina miaka arobaini na nne, naishi Nyakato, nimesoma hadi kidato cha nne, na daraja nililopata tusiulizane. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka kazini ni kandambili, chai na kochi. Mke wangu, Mama Neema, alisema hata paka wetu anatembea kunizidi.

Tulikuwa na kigari kidogo. Nikiendesha, magoti yalikaribia masikio! Lakini humo kila mtu alifunga mkanda, maana lori likipita kigari kilitikisika, nasi tukamkumbuka Mungu.

Tatizo lilikuwa ukweni, Bunda. Shemeji yangu Magesa alinipokea mbele ya watu: "Shemeji, hicho kigari unakipanda au unakivaa?" Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Nami nilicheka... moyoni naungua.

Nikakiuza, nikaongezea akiba yetu yote, nikanunua gari kubwa, refu, lililotumika. Jamani, raha! Nilijiona nimehamishia sebule barabarani. Na nani anafunga mkanda sebuleni? Kengele ya mkanda iliponikera, nikaipitisha mikanda ya mbele nyuma ya viti, nikaichomeka kwenye vifungo vyake. Kimya!

Asubuhi moja tukaenda ukweni kwenye ubatizo wa mtoto wa Magesa, mimi na mke wangu tu. Tulipopita Igoma akaniomba, "Baba Neema, simama unitolee huu mkanda nijifunge."

Nikamcheka. "Unaogopa nini? Hili si gari, ni ghorofa!"

Akaguna, akageukia dirishani.

Mbele ya Magu ng'ombe wakaingia barabarani. Nikakata usukani. Lile refu likayumba, likalala ubavu, likabingirika! Mimi nilivunjika mkono. Mke wangu alirushwa nje kupitia dirisha... Nilimkuta kwenye majani, kitenge chake kimefunguka. Hakuamka tena.

Mnajua mmoja wa waliokusanyika alisema nini? "Gari imara hili! Angalia, bati halijabonyea sana!"

Lakini bado sijaungama. Ile historia ya marehemu inayosomwa kabla ya kuzika, niliiandika mimi. Niliandika kwamba nilimsihi afunge mkanda, akakataa. Ikasomwa mbele ya umati, wanawe wanasikia... nami nimesimama na mkono wangu wenye plasta, napewa pole!

Baada ya hapo mama mkwe alinipigia simu kila Jumapili. Mnajua kwa nini? Kuniomba radhi! "Nisamehe mkwe wangu, yule mtoto alikuwa mkaidi tangu mdogo." Mkaidi? Yeye aliyeuomba mkanda nikamcheka?

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikapanda basi hadi Bunda. Kiti nilichopewa sikukikalia, nilipiga magoti. "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, baba." Nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo aliuomba?"

"Aliuomba, mama."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mpaka leo hatujazungumza.

Ndugu wasomaji, nunueni gari mnaloliweza. Kubwa lina raha yake, sikatai, nami bado nayapenda makochi. Lakini mwili wa mtu hauongezeki unene kwa sababu bati limeongezeka. Mtu wako akiuomba mkanda, simama, mpe, hata kama utachelewa ubatizo wa dunia nzima!

Na ukishakosea, beba kosa lako mwenyewe. Usilitupie kaburini... Marehemu hawezi kunyoosha mkono katikati ya waombolezaji akasema, "Huyu anadanganya."